Gundi na Robo ya Mwisho

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, uwanjani, hata nyumbani kwake, aliitwa Gundi. Jina hilo alilipata akiwa msichana wa shule, mfupi, mwenye mabega mapana, siku alipochomekwa kwenye timu ya mpira wa pete kwa sababu mlinzi waliyemtegemea alikuwa anaumwa jino. Alimganda mfungaji wa shule ya jirani tangu filimbi ya kwanza. Akienda kulia, yuko naye. Akirudi nyuma, yuko naye. Akiinama kufunga kamba za viatu, Gundi kasimama pembeni anamsubiri amalize. Mwishowe yule msichana alimgeukia refa, machozi yanamlengalenga. "Mwambie aniache! Huyu si mchezaji, huyu ni gundi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na jina likakaukia hapo hapo.

Sasa alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili waliokwisha kuhama nyumbani, mke wa dereva wa lori, mfanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali ya mji. Kutwa alishinda kwenye mvuke: kupokea marundo ya mashuka kutoka wodini, kuyatenga yenye damu na yasiyo na damu, kuyaingiza kwenye mashine, kuyapitisha kwenye pasi kubwa ya kuviringisha, kuyakunja. Alikuwa mkali. Ukali wake haukuwa wa kugombana ovyo; ulikuwa wa mtu anayeona jambo linawezekana na bado halifanyiki. Mashine moja ilivuja mwaka mzima. Mafundi walikuja, wakaizunguka, wakatikisa vichwa, wakaondoka kama watu waliokuja kutoa pole. "Na mgonjwa akivuja damu huko wodini mtamtikisia kichwa hivyo hivyo?" aliwauliza. Wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

Mtu pekee aliyeweza kumtania na asijibiwe vibaya alikuwa Mlingoti.

Mlingoti alikuwa msusi, mrefu kuliko wanawake wote wa mtaa na wanaume wengi, mjane mwenye binti mmoja. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili na kioo, na umbea wote wa mji ulipumzika pale kabla ya kufika ulikokuwa unakwenda. Alianza urafiki na Gundi kwenye ile timu ya shule. Mlingoti alikuwa mfungaji, Gundi mlinzi wa mwisho. Katika mechi yenyewe hawakukaribiana kamwe, kwa sababu sheria za mpira wa pete zinamkataza mlinzi wa mwisho kuvuka mstari wa eneo lake, kama vile mfungaji naye asivyoruhusiwa kutoka kwenye lake. Lakini mazoezini walipangwa pamoja kila mara, huyu anarusha, huyu anazuia, na urafiki wao ulikulia humo, kwenye viwiko na jasho.

"Huyu ni adui yangu wa damu," Mlingoti aliwaambia wateja wake, vidole vikiendelea kusuka. "Marehemu mume wangu tuliishi miaka, kafa sijamjua vizuri. Lakini Gundi namjua mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kuruka."

Walipokua walijiunga na timu ya Nyuki: akina mama wa dukani, wa ofisini, wa sokoni, wengine tayari wana wajukuu, wanawake ambao mbio ziliwaacha lakini mpira haukuwaacha. Kocha wao alikuwa karani mstaafu wa posta, mzee mpole kupita kiasi. Alikuwa mtu wa kumwomba radhi hata mbuzi aliyemkanyaga mguu.

*

Gundi ndiye aliyeanza kuona. Wengine walimwona Mlingoti amepungua, wakamsifu. Gundi aliona mruko. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameruka akiupima mkono wake dhidi ya mkono wa yule mwanamke, na sasa mkono wake ulikuwa unaufikia mpira ambao hajawahi kuufikia. Mara ya kwanza alifurahi. Mara ya pili hakufurahi.

"Una nini wewe?"

"Gesi," alisema Mlingoti, ameshika tumbo. "Nimekula nikashiba mno."

Wiki iliyofuata ilikuwa gesi, na iliyofuata tena gesi. Tumbo lilivimba huku mashavu yakiingia ndani. Gundi alimwambia aje hospitali, atampitisha mwenyewe mpaka kwa daktari. Mlingoti alisema atakuja. Hakuja. Gundi akamfuata saluni, akamkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono imelala mapajani, na binti yake ndiye anayemsuka.

"Nilishakwenda," Mlingoti alisema kabla hajaulizwa. "Hospitali nyingine. Zamani kidogo."

"Zamani lini?"

"Zamani."

Ikabainika kwamba alikuwa anajua tangu kabla ya msimu kuanza. Gundi alihisi damu inampanda kichwani. Yeye anafanya kazi hospitalini! Anafua mashuka ya wagonjwa wa kila ugonjwa, anajuana na manesi wote, na rafiki yake kapanda gari kwenda hospitali ya mbali ili asionekane!

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema kwa ukali.

"Basi kiniumbue nikiwa nimesukwa," Mlingoti akajibu, akamwonyesha binti yake sehemu iliyobaki kichwani.

Gundi alimburuta kwa daktari wa hospitali yake, mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno. Daktari alisoma vipimo, akampima upya, akawaketisha wote wawili. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye kifuko cha mayai na sasa iko kwenye ini. Alisema wanaweza kupunguza maumivu, wanaweza kutoa maji tumboni ili apumue vizuri, na wanaweza kumpa dawa kali ambazo pengine zingemsogezea siku, pengine zisimsogezee. Kuuondoa ugonjwa, hapana.

"Hamwezi au hamtaki?" Gundi aliuliza.

"Hatuwezi, mama."

Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Gundi zaidi. Angepata wa kugombana naye angalau.

Mlingoti alijaribu zile dawa kali mara moja. Zilimlaza, zikamtapisha, zikamng'oa nywele, yeye msusi. Alipoweza kusimama alisema basi, harudii. Gundi alimbembeleza, akamkemea, akamletea habari za mtu aliyepona, wa mji wa mbali, ambaye alisimuliwa na mtu aliyesimuliwa. Dada mkubwa wa Mlingoti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, alihamia pale nyumbani na kupiga marufuku neno "saratani" lisitamkwe ndani. Kila asubuhi alikuja na kikombe cha majani machungu. Gundi na Dada Mkubwa hawakuwahi kupatana maishani mwao, lakini sasa walijikuta upande mmoja, wakimsukuma mgonjwa kwa mikono minne.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" Gundi alimfokea siku moja.

Hata Dada Mkubwa alimtazama kwa mshangao.

"Sasa umelitamka vizuri," alisema Mlingoti. "Sikio la kufa. Mwenyewe linajua. Nyinyi ndio hamjui. Naomba mnipe maji ya kawaida, yasiyo na majani."

*

Alichokitaka Mlingoti kilikuwa kimoja, na kilimtia Gundi wazimu. Nyuki walikuwa wamefika nusu fainali ya kombe la akina mama, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu timu ianzishwe. Mlingoti alitaka kucheza robo ya mwisho ya mechi hiyo.

"Robo moja tu. Nasimama chini ya pete. Sikimbii, siburuzi miguu. Naletewa, narusha."

Gundi alikwenda kwa Kocha. Kocha alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi siwezi kumkatalia mtu kama yeye," alisema.

"Mtu kama yeye vipi? Ndiyo maana unapaswa kumkatalia!"

"Basi mkatalie wewe."

Alikwenda kwa daktari. Daktari alisema watamtoa maji tumboni siku moja kabla, na kama mgonjwa anataka kusimama kwa dakika chache na kurusha mpira, asimame. Akichoka atajua mwenyewe. "Hatumtunzi kama chombo cha kabatini, mama." Gundi alitoka akiwa na hasira na daktari, na Kocha, na Dada Mkubwa ambaye alikuwa ameamua kulia tu badala ya kusaidia. Hakuna aliyezuia. Kazi ya kuzuia ikabaki kuwa yake, kama siku zote.

Siku ya mechi, kabla timu hazijaingia, alizunguka nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Wapinzani walikuwa timu ya kiwanda cha biskuti. Mlinzi wao waliyemwita Komeo alikuwa ameketi kwenye ngazi akijifunga bandeji kwenye goti. Mwanamke mwenye mikono mirefu na viwiko vilivyokwisha kung'oa watu meno.

"Dada, naomba neno moja," Gundi alisema.

Akamweleza. Kwamba robo ya mwisho ataingia mwanamke mrefu, mgonjwa, mgonjwa wa kutopona. Kwamba akigongwa kidogo tu ataanguka.

"Pole sana," Komeo alisema, amekunja uso. "Unaniomba nini hasa?"

"Usimrukie. Mwache arushe."

"Hii ni nusu fainali, dada."

"Najua ni nini."

Komeo alimaliza kufunga bandeji bila kuinua macho. "Nitaangalia," alisema.

Mechi ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Gundi alicheza kama aliyepandwa na mashetani, akamganda mfungaji wa kiwandani mpaka yule dada akaanza kumtukana kimya kimya. Walipoingia robo ya mwisho timu zilikuwa sawa. Mlingoti akavua sweta, akaingia. Kizibao chenye herufi za nafasi yake kilimning'inia kama nguo iliyoanikwa. Kichwani alivaa kitambaa chekundu. Watazamaji walijua, kwa maana mji haukuwa na siri tena, na walipiga makofi mpaka refa akanyanyua mkono kuwanyamazisha.

Kutoka kwenye mstari wake, mwisho wa pili wa uwanja, Gundi aliona mpira wa kwanza ukimfikia. Mlingoti aliupokea, akageuka, akarusha. Ukaingia. Kelele! Kocha aliruka, yeye na miwani yake. Wapinzani wakasawazisha. Mpira wa pili ukamfikia Mlingoti, akarusha, ukaingia tena. Wapinzani wakasawazisha tena. Dakika zilikuwa zimekwisha kuliwa, kila mtu amesimama.

Mpira wa tatu ulimkuta Mlingoti karibu kabisa na nguzo. Pembe nzuri, mahali ambapo hata akifumba macho angefunga. Akauinua juu ya kichwa. Halafu akaacha kutazama pete. Alimtazama Komeo, aliyesimama mbele yake, mikono yake ile mirefu imening'inia ubavuni.

"Ruka," Mlingoti alisema.

Komeo akatazama chini.

"Nimesema ruka, dada. Nyanyua mkono."

"Tupa!" Gundi alipiga kelele kutoka kule mbali, vidole vya miguu vimebana mstari asioruhusiwa kuuvuka. "Tupa mpira, mwanamke wewe! Tupa!"

Katika mpira wa pete huwezi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Filimbi ikalia. Refa akaelekeza mkono upande wa wapinzani, na mpira ukatoka pale kwa pasi mbili ndefu, ukaja kule kwa Gundi, na Gundi bado alikuwa anatazama mbele, kwenye kitambaa chekundu. Alipogeuka mfungaji wa kiwandani alikuwa amekwisha kupokea. Aliruka amechelewa. Mpira ulimpita juu ya vidole, ukazama. Filimbi ya mwisho.

Mlingoti hakuanguka, hakulia. Alimuuliza Komeo kitu kwa sauti ndogo. Macho ya Komeo yalivuka uwanja mzima yakatua kwa Gundi, na Mlingoti akayafuata.

*

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wachezaji wengine walikuwa wanamkumbatia Mlingoti mmoja mmoja wakimwambia amecheza vizuri. Alisubiri wamalize, wakatoka.

"Nilitaka usiumie," Gundi alisema.

"Naumia kila siku. Umeshawahi kusikia nikikuomba unizuilie?"

"Yule angekuvunja."

"Angenivunja, ndiyo! Si ndiyo kazi yake? Wewe ungemwonea huruma mfungaji?" Mlingoti alikuwa anahema, ameshika ukuta. "Pale ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mtu hanitazami kama jeneza. Nyumbani natazamwa, saluni natazamwa. Nikasema pale chini ya pete kuna mtu atanichukia vizuri kwa dakika chache. Ukaenda ukamwambia."

"Wewe ungefunga tu! Bao moja! Tungekuwa fainali!"

"Na yale mawili niliyofunga ni ya nani? Yako." Alivua kizibao, akakikunja, akakiweka kwenye benchi. "Daktari kasema nitakufa. Sijamkasirikia. Lakini wewe umenizika."

Gundi alikichukua kile kizibao, akakikunjua, akakikunja upya.

Baada ya hapo alifungiwa mlango. Kila alipokwenda, Dada Mkubwa alitokea kizingitini, amejaa mlango mzima. "Amelala."

"Asubuhi hii?"

"Mgonjwa halali kwa saa."

Na kutoka ndani ilisikika redio, na sauti ya Mlingoti ikicheka na jirani. Gundi alikaa kwenye ngazi mpaka akaaibika, akaondoka. Kazini alikunja mashuka kwa nguvu mpaka mwenzake akamwambia hayo ni mashuka, si watu. Mume wake, mtu wa maneno machache aliyezoea kuongea na barabara, alimshauri aombe radhi.

"Nimeomba!" alimjibu. "Nimemwomba dada yake, nimeomba mlango, bado kitasa tu!"

Kilichomchoma ni kwamba hakuwa na hakika amekosea. Akiwaza upande huu, aliona kosa lake waziwazi. Akiwaza upande ule, alimwona Komeo na viwiko vyake, na rafiki yake sakafuni, na akajua angeenda tena nyuma ya vile vyumba akaombe vile vile. Muda nao ulikuwa unayoyoma, huo ambao daktari aliwaambia ni mchache, na wao wanautumia kununiana.

*

Alasiri moja binti wa Mlingoti alikuja mpaka kwenye chumba cha kufulia, akasimama kwenye mvuke, akakohoa. "Shikamoo, mama mdogo. Mama anakuita. Amesema uje na mpira."

Alimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, mito miwili mgongoni. Alikuwa amebaki macho na magoti. Ukutani, juu, palikuwa na pete ya chuma ambayo fundi wa kuchomelea aliwafungia walipokuwa wasichana wenye mimba zao za kwanza, wamekatazwa kucheza uwanjani.

"Simama hapo," Mlingoti alisema bila salamu. "Nyuma kidogo. Sheria unaijua. Sasa nyoosha mkono."

"Sikuja kucheza. Nimekuja tuongee. Sina muda wa—"

"Mimi ndiye sina."

Gundi akanyoosha mkono. Aliunyoosha kama mtu anayesimamisha gari ambalo hana haja nalo. Mlingoti alimtazama, akauinua mpira taratibu, akamtwanga nao usoni.

"Eh!"

"Hivyo ndivyo ulivyomfundisha Komeo?"

"Una kichaa wewe! Umenipiga pua!"

"Zuia basi, kama unaweza!"

Basi Gundi akakasirika. Hasira zote za miezi ile, za mafundi na madaktari na mlango uliofungwa, zikamshukia miguuni. Mpira uliofuata uliporushwa aliruka kama msichana, akaupiga kwa kiganja kilichonyooka, ukapaa, ukavuka ukuta, ukaangukia kwenye beseni la nguo la jirani kwa kishindo cha maji. Jirani alifoka, akaapa, akataja ukoo wao wote. Mlingoti alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na alipoona Gundi anamsogelea alinyoosha kidole: rudi mahali pako.

Wakaendelea. Binti aliokota, mama alirusha, Gundi alizuia. Nguvu za Mlingoti zilikuwa kidogo, mipira mingine haikufika hata kwenye kiganja cha Gundi, na iliyofika ilipigwa chini bila huruma. Hakuna hata mmoja ulioingia. Dada Mkubwa alitoka jikoni, akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Huyu mwanamke ana moyo gani? Mwache mgonjwa afunge hata moja!"

"Dada, ingia ndani," alisema Mlingoti, jasho linamtiririka. "Usiniharibie mechi."

Alipochoka kabisa aliuweka mpira mapajani. "Kesho nitakufunga."

"Kesho hutanifunga," Gundi alisema.

Kesho yake ilinyesha mvua kutwa. Na ilipokatika, Mlingoti hakuweza tena kuketi.

*

Wodini, alikolazwa Mlingoti, Gundi alikuwa kama nyumbani kwake, na hilo halikumsaidia kitu. Alijua mashuka ya kitanda kile yalifuliwa na nani na lini. Dawa ya maumivu ikaisha ghalani. Aliambiwa inakuja, aliambiwa iko njiani, aliambiwa asubiri. Alizunguka korido zote akiuliza, akigonga milango, mpaka daktari yule yule asiyezungusha maneno akachukua gari lake mwenyewe, akaenda kuitafuta, akarudi nayo. Gundi alitaka kumshukuru, akajikuta anamuuliza kwa nini hakwenda mapema. Daktari alisema, "Kweli, mama. Ningekwenda mapema." Hata hapo hakupata wa kugombana naye.

Kulikuwa na mambo aliyotaka kumwambia Mlingoti. Lakini kila akikaa anaingia nesi, au Dada Mkubwa na sala zake, au mteja wa saluni na machungwa. Na walipobaki wawili, Gundi alianza kurekebisha blanketi.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana mweupe, watu wanapita nje wakizungumza habari zao. Mto wa Mlingoti ulikuwa umebonyea katikati.

"Nikakuletee mwingine," Gundi alisema.

"Uko sawa. Kaa."

"Hauko sawa huu. Nina mipya kule chini. Narudi sasa hivi."

Alishuka mbio, akachagua mto mzuri kuliko yote, akauvalisha foronya aliyoipiga pasi mwenyewe. Aliporudi, binti alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda ameziba mdomo kwa mikono, na Dada Mkubwa amepiga magoti. Gundi alibaki pale mlangoni na mto kifuani. Aliambiwa akae, hakukaa. Hilo halikumtoka, wala hakumruhusu mtu kumwambia kwamba si kitu.

Kwenye mazishi watu walikuwa wengi, nusu yao wamesukwa na marehemu. Kocha aliombwa aseme neno. Akavua miwani, akasimulia jinsi mwanamke huyu, akiwa mgonjwa mahututi, alivyoingia uwanjani robo ya mwisho na kufunga bao la ushindi, timu ikatoka na furaha kubwa. Watu wakalia kwa uchungu mtamu. Ilikuwa hadithi nzuri, kama sinema.

Gundi akasimama. "Si kweli."

"Kaa chini, wewe," Dada Mkubwa alimnong'oneza, akimvuta gauni.

"Sikai. Tulifungwa. Tulifungwa kwa bao moja. Alikataa kurusha kwa sababu mlinzi hakumrukia, na mlinzi hakumrukia kwa sababu nilimwomba mimi. Yeye hakutaka bao la bure. Kama mnamlilia, mlilieni huyo."

Minong'ono ikaenea. Kocha alisimama na miwani mkononi, mdomo wazi, na Gundi alimwonea huruma lakini hakujutia. Ndipo binti, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi, akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mama yake kabisa, halafu kicheko kikageuka kilio, na Dada Mkubwa akaliachia gauni la Gundi ili amshike mtoto.

Watu wengine hawakumsamehe Gundi kwa lile. Walisema ana roho ngumu, kaharibu mazishi. Na hadithi ya bao la ushindi haikufa. Aliisikia sokoni, aliisikia hospitalini, kila mara bao limekuwa zuri zaidi. Mwanzoni alimsahihisha kila msimulizi. Baadaye alichoka, akawa anapita zake amebana midomo.

Msimu uliofuata Nyuki walipata mfungaji mwingine, mwuza viatu, mrefu kiasi, mwenye tabia ya kufumba macho akirusha. Gundi alimganda mazoezini mpaka akatishia kuhama timu. Wakatolewa raundi ya kwanza kabisa, kwa mabao ya aibu. Mume wake, ambaye safari hiyo hakuwa barabarani, alikuja kutazama, akamsindikiza nyumbani amembebea mfuko. Njia nzima Gundi alikuwa anateta: pasi mbovu, refa kipofu, Kocha asiyejua kufoka, huyu mfungaji na macho yake, na watu wanaokufa bila kusubiri mtu arudi na mto.

Walipofika mume akaweka mfuko chini, akakaa naye kwenye ngazi. Gundi alivua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi.

"Nimechoka kukasirika," alisema.

Mume alifikiri kidogo, kama anavyofikiri mbele ya daraja asilolijua. "Basi pumzika leo, mama watoto," alisema. "Kesho utaendelea."